Nilijinyima, Nikatembea, Nikazidi Kunenepa

Fundi wetu wa nguo si mtu wa maneno mengi. Siku ile ya Oktoba 2023 nilipokwenda kujaribu sare ya kitenge ya mkutano wa akina mama, alinizungushia futi kiunoni, akaangalia karatasi aliyoandika vipimo vyangu mwezi wa nane, akapima tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nilikuachia inchi mbili kwenye mshono. Nitazifungua zote." Nikamshukuru, nikatoka kana kwamba nina haraka. Nilipofika kwenye kona ya barabara nikasimama nikalia.

Ndugu msomaji, usidhani nililia kwa ajili ya kitenge. Tangu Januari ya mwaka ule nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, siku tano kwa juma, navaa raba zangu na kutembea kwa haraka saa nzima kuelekea Gangilonga na kurudi. Wanaoijua Iringa wanajua vilima vyake. Jumamosi niliruka kamba uani, watoto wakinihesabia. Na kila nilichokula nilikiandika katika daftari la kurasa 200. Mwenzangu mmoja anayefundisha maarifa ya nyumbani alinipatia nakala ya majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008, yanayoonyesha nguvu iliyomo katika ugali, maharage, mchicha, ndizi na vyakula vyetu vingine. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Nilijiwekea kikomo cha kalori 1,500 kwa siku, na siku nyingi sikukifikia.

Nilianza nikiwa na kilo 71. Mwezi wa kwanza nikapungua kilo moja, nikafurahi. Mwezi wa nne nikawa 73. Mwezi wa saba 76. Siku ile ya fundi nilikuwa na kilo 79 na nusu, nami nilikuwa nimeshapunguza hata kile kipande cha kiazi cha asubuhi.

Kunenepa peke yake ningekuvumilia. Mama yangu alikuwa mnene, naye alilima na kucheka mpaka uzeeni. Kilichoniumiza ni kutokuaminiwa. Mtu mnene akisema, "Mimi sili sana," watu hutazamana. Katika umoja wetu wa akina mama walikuwa wakinisogezea sahani ya maandazi huku wakitabasamu, kama wanaonijaribu. Jioni moja tulipokuwa na wageni, baba watoto alisema kwa mzaha, "Mama watoto anahesabu mchana, usiku anafuta hesabu." Wageni wakacheka. Mimi nami nikacheka, nikaenda jikoni kuongeza chai. Nilikaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

Nilikwenda hospitali. Daktari kijana aliyenipokea hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Alinipima presha, akaniuliza umri, nikasema miaka 43. Akasema, "Mama, punguza kula, fanya mazoezi." Daftari langu lilikuwa ndani ya mkoba, magotini pangu. Sikulitoa. Niliona nitaonekana kama mwanafunzi aliyekosa hesabu na anayemwonyesha mwalimu kazi yake ili aonewe huruma. Nikasema asante daktari, nikaondoka.

Basi nikajihukumu mwenyewe. Nikashusha kikomo kuwa kalori 1,200, halafu 1,000. Nilikuwa nikipakua chakula cha familia na kukaa mezani na kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari, nikisema nimeshiba. Nikiamka usiku kwa njaa nilikunywa maji. Mchana nilipata usingizi mzito hata nikiwa nimesimama darasani. Wanafunzi wa darasa la nne wana macho makali. Walianza kunongona.

Nikitazama nyuma naona mwili wangu ulikuwa unasema mambo mengi, lakini kila jambo nililipa sababu yake. Nilisikia baridi hata mchana wa jua, nikasema ndiyo Iringa hii, tupo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nani asiyesikia baridi? Nywele zilikatika na kubaki kwenye kitana, nikailaumu dawa ya nywele. Visigino vilipasuka, nikailaumu raba. Choo kikawa kigumu, nikailaumu mboga kwa kuwa chache. Siku zangu zikawa nzito na ndefu, nikasema ni umri. Asubuhi macho yalikuwa yamevimba, nikasema ni usingizi. Hata sauti! Miaka kumi na miwili nimeimba sauti ya kwanza katika kwaya, na mwaka ule mwalimu wa kwaya alinihamishia sauti ya pili kwa upole sana, akisema sauti ya pili ina upungufu wa watu.

Jambo lililonizindua halikutoka kwenye mwili wangu. Ilikuwa Novemba. Nilikuwa napanga vitabu vya binti yetu wa kidato cha pili, nikaona daftari dogo lenye mistari niliyoifahamu. Alikuwa amechora safu kama zangu. Tarehe, chakula, kalori. Siku moja aliandika: "Uji, sikunywa. Chakula cha mchana, nimempa rafiki. Ugali, matonge matatu." Chini yake alijumlisha kwa kalamu nyekundu, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Mtoto ana miaka 14. Ni mwembamba kama mti wa mlonge.

Nilimwita. Nilikusudia kumkaripia lakini maneno hayakutoka. Nikamwuliza tu, "Mwanangu, hii ni nini?" Akajibu, "Mama, sitaki niwe kama wewe. Wewe unajinyima halafu unanenepa. Nimeona nianze mapema." Sijui kama mama yeyote anayesoma ukurasa huu amewahi kupigwa na neno la mtoto asiyekusudia ubaya. Usiku ule sikulala.

Jumatano iliyofuata, baada ya mazoezi ya kwaya, muuguzi mmoja tunayeimba naye alinishika mkono. Akasema, "Dada, nisamehe, mimi nakutazama muda mrefu sasa. Uso wako umevimba, sauti imekuwa nzito, na mkono wako una baridi kama samaki. Umewahi kupima tezi ya shingo?" Nikacheka. Nikamwambia tezi ya shingo naijua. Mama yangu mdogo kule Njombe alikuwa na rovu kubwa kama embe, na utotoni mwetu wanawake wengi wa nyanda za juu walikuwa nalo, mpaka ilipokuja chumvi yenye madini joto katika miaka ya 1990. Shingo yangu haina kitu. Akaniambia, "Rovu ni jambo moja. Tezi inaweza kulegea kazi bila kuvimba. Nenda kapime damu."

Nilikwenda hospitali nyingine, na mara hii nililitoa daftari. Daktari alikuwa mama wa makamo. Alilisoma, si kwa kupekua, alisoma kurasa kadhaa. Kabla ya kugusa kalamu aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Je, natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu? Maana kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito. Je, nimewahi kupewa prednisoloni kwa ajili ya pumu au viungo? Nayo huongeza hamu ya kula na kuuvimbisha uso. Siku zangu zikoje? Nalala saa ngapi? Je, kuna mtu wa kwetu mwenye ugonjwa wa tezi? Akanihesabia mapigo ya moyo, yakawa 54 kwa dakika. Akasema mkimbiaji hodari angeyafurahia, lakini mimi si mkimbiaji hodari.

Damu ilipopimwa, kipimo kiitwacho TSH kilisoma 46, na kwa kawaida hakitakiwi kupita 4 na kitu. Alinieleza hivi. Mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iitwayo thairoidi. Hiyo hutoa homoni inayoamuru mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige kwa kasi gani, matumbo yasukume vipi, ngozi na nywele zijijenge vipi. TSH ni sauti ya ubongo ikiigombeza tezi ifanye kazi. Tezi ikilegea, ubongo hupaza sauti, na namba hupanda. Kwangu mimi ubongo ulikuwa unapiga kelele.

Kisababishi hakikuwa upungufu wa madini joto kama cha mama mdogo. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiishambulia tezi kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ugonjwa huo huitwa kwa jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912, nao huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Niliona ajabu kidogo kwamba Mjapani wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita alikuwa ameshauandika ugonjwa wangu, nami nikijilaumu kwa kiazi.

Nililia tena, safari hii mbele ya daktari, kwa furaha. Nikasema, "Kwa hiyo sikuwa mwongo!" Akatabasamu. Kisha akafanya jambo ambalo siku ile lilinichukiza kidogo na leo namshukuru kwalo. Akalifungua tena daftari, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Nilikuwa nimeandika: "Mnafu wa karanga, bakuli moja, kalori 40." Akauliza, "Mafuta yako wapi? Karanga ziko wapi?"

Sikuwa nimeziandika. Nilipima mnafu mbichi, nikaandika mnafu mbichi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, kwa kuwa kila gramu ya mafuta ina kalori 9 wakati wanga na protini zina 4. Nami humimina kutoka kwenye dumu, sipimi kwa kijiko. Konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi, ina kalori kama 170. Akauliza, "Nani anaonja mboga nyumbani kwako?" Ni mimi. "Nani anamalizia uji wa mtoto mdogo?" Ni mimi pia, maana chakula hakitupwi. "Ukitembelea wagonjwa na waliofiwa, unapewa nini?" Soda, mama. Soda na maandazi, na ukikataa wanaona unawadharau.

Akaniambia wazi kwamba tezi iliyolegea kwa kawaida huongeza kilo mbili mpaka tano hivi, na sehemu kubwa ya hizo ni maji na chumvi mwili unavyovishikilia. Mimi nilikuwa nimeongezeka zaidi ya nane. Zile nyingine zilitoka kwenye dumu la mafuta, kwenye vyakula vya kuonja, na kwenye uchovu wenyewe, kwani nikirudi kutoka Gangilonga nilikuwa nalala mchana kutwa siku za mapumziko, na kazi za kuinama na kunyanyuka nikawaachia watoto. Kutembea saa nzima kwa mtu wa uzito wangu hutumia kalori 250 mpaka 300 hivi. Ni chapati moja kubwa ya mafuta, basi. Sikujua. Nilidhani saa moja ya jasho inafuta siku nzima.

Kwa hiyo nilikuwa mkweli, na hesabu yangu ilikuwa na makosa. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Ningependa yule daktari wa kwanza angelijua hilo, na wageni wa baba watoto pia.

Nilianzishiwa kidonge cha levothairoksini, mikrogramu 50, nacho ni homoni ileile ambayo tezi ingetoa. Hunywewa kila asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, na kusubiri nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu havinywewi pamoja nacho, hutenganishwa kwa saa nne, la sivyo dawa haiingii mwilini vizuri. Kila baada ya majuma sita mpaka nane nilipima damu. Kipimo cha pili kilisoma 15, dawa ikaongezwa. Cha tatu 6, ikaongezwa kidogo. Cha nne 2. Nitakunywa kidonge hicho maisha yangu yote. Mwanzoni neno hilo lilinitisha. Sasa naliona kama kuvaa miwani.

Dada unayetarajia kupata mtoto na una tatizo hili, usingoje tumbo likue ndipo uende. Mara nyingi mwili huhitaji dawa zaidi mapema katika ujauzito, na mtoto anaitegemea homoni ya mama yake katika miezi ya kwanza. Umwone daktari mara unapojihisi.

Joto lilirudi kwanza. Siku moja katika mwezi wa pili nilivua sweta darasani, wanafunzi wakashangilia. Kisha usingizi wa mchana ukaondoka. Nywele zilichukua muda mrefu. Sauti ya kwanza sijarudishiwa bado. Mwalimu anasema nimezoeleka kwenye sauti ya pili, nami nimeacha kubisha. Uzito ulishuka kwa miezi mitano mpaka kilo 75, ukasimama hapo. Nilipoanza kupima mafuta kwa kijiko ukashuka mpaka 73, na hapo ndipo nilipo. Sijafika 65 niliyokuwa nayo nikiolewa, na nadhani sitafika.

Habari zilipoenea katika umoja wetu, mama mmoja alinifuata nyumbani. Baada ya salamu na chai akanong'ona, "Mwenzangu, nigawie hivyo vidonge viwili vitatu na mimi nipungue." Nilikataa, akakasirika. Lakini daktari alikuwa amenionya kwamba mtu ambaye tezi yake ni nzima akinywa homoni hii ili akonde, moyo wake unaweza kwenda mbio au kupiga ovyo, na mifupa hudhoofika. Nikamwambia apime damu kwanza. Alipima, tezi yake ikakutwa haina shida. Akarudi kunieleza, bado amekasirika kidogo, tukakaa jikoni tukapima pamoja kijiko cha mafuta. Alishangaa kama nilivyoshangaa mimi.

Kuhusu binti yetu nilipata ushauri kwa yule muuguzi, tukaenda naye kwa daktari, akapimwa na kuzungumziwa akiwa peke yake. Nilimweleza habari yote ya tezi, kwa kuwa jambo hili huenda katika familia, naye akue akijua dalili zake. Nilimwambia pia kwamba mama yake alikosea kukaa mezani na kikombe cha chai ya rangi huku wengine wanakula. Hakujibu. Madaftari yote mawili, langu na lake, tuliyatia moto jikoni siku ya Jumapili. La kwake liliungua upesi. Langu, kwa kurasa zake 200, lilitoa moshi mpaka jirani akauliza tunapika nini. Bado ziko siku anasukuma sahani, nami hujifunza kunyamaza, nikakaa naye mpaka amalize hata kama ni polepole. Mambo ya namna hii hayaishi kwa moto mmoja.

Baba watoto nilimpa karatasi ya maabara aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akairudisha ndani ya bahasha. Yeye si mtu wa kuomba radhi kwa maneno, nami nimekaa naye miaka kumi na tisa, sikulitegemea hilo. Lakini tangu wiki ile ndiye anayeniletea glasi ya maji na kidonge kitandani alfajiri. Kisha huketi mezani na saa yake ya mkono, birika la chai likiwa limefunikwa kitambaa, na watoto wakitaka kunimiminia huwaambia, "Ngojeni. Mama yenu bado dakika kumi." Na yeye hanywi mpaka ziishe.